Ni parafujo, si msumari

Jana jioni pale gatini Lamu mama mmoja alikuwa anasimulia vile bintiye alivyotiwa waya za meno huko Mombasa, akasema eti "na msumari wamempigilia kwenye ufizi", na hii ni mara ya tatu mwezi huu nasikia habari ya msumari, na binti mwenyewe ameketi hapo hapo kashika shavu, macho yamemtoka. Nikaona leo niandike.

Kile kitu ni parafujo ndogo ya titani, unene kama milimita 1.5, urefu 6 mpaka 10 hivi, inatiwa kwenye mfupa wa taya iwe nanga ya kuvutia meno, na kazi ikiisha inafunguliwa inatoka. Basi.

Sasa hayo majina. Msumari tumeutoa kwa Waarabu, mismar, na parafujo tumeitoa kwa Wareno, parafuso, hao hao waliotia nanga Malindi 1498. Tuna maneno mawili kwa sababu vitu ni viwili. Msumari unapigwa nyundo. Parafujo inazungushwa, inaingia polepole hesi zake, yaani ile mikato inayoizunguka, zikiuma mfupa, na huko kuuma ndiko kunakoishika, maana siku ile ya kwanza mfupa haujaota chochote, ni mbano mtupu.

Ndiyo maana namna ya kutoboa ina uzito wote huu. Nenda Matondoni umtazame fundi wa jahazi, hata msumari hapigi mpaka atoboe kwanza, na tundu lake ni jembamba kuliko msumari wenyewe, likiwa pana msumari unacheza, asipotoboa ubao unapasuka. Daktari naye ana njia mbili. Kuna parafujo yenye ncha kali inayojitoboea yenyewe, hiyo hushika vizuri pale ganda la mfupa si nene sana, kama taya la juu. Taya la chini ganda lake ni gumu, ukilazimisha bila kutoboa parafujo yaweza kukatika au mfupa ukafanya nyufa ndogondogo pembeni, kwa hivyo hapo mara nyingi anatangulia na drili nyembamba kuliko parafujo. Mkono ukiyumba tundu limeshapanuka, mbano umekwenda. Na drili inatiwa maji ya chumvi muda wote ipoe, kwa sababu mfupa ukifika digrii 47 kwa dakika moja tu waanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu.

Tena watu wadhani ikikazwa sana ndiyo imara zaidi. Hapana, ukikaza kupita kiasi waponda mfupa, nao mwili utaula ule mfupa uliopondeka kabla ya kujenga mpya, ndipo utaona parafujo iliyokuwa ngumu siku ya kwanza yatikisika wiki chache baadaye.

Kwa hivyo mama, kwa heshima zote, ukisimulia tena sema wamemtia parafujo. Na umwambie binti hakuna nyundo iliyotumika, alitiwa ganzi ikazungushwa kwa mkono taratibu, na siku ya kuitoa itazungushwa kurudi nyuma, katundu kake kazibe kenyewe.