Kivinjari kikikuonya, soma msimbo kabla ya kubonyeza chochote

Ukurasa ule unaosema muunganisho wako si wa faragha huwagawa watu makundi mawili: wanaofunga kila kitu kwa hofu, na wanaotafuta haraka pa kubonyeza ili wapite. Mimi hutazama kwanza maandishi madogo chini yake, yanayoanza na NET::ERR_CERT kwenye Chrome au, mara nyingi, SEC_ERROR kwenye Firefox. Msimbo huo hukudokeza kama tatizo liko kwako, kwa mwenye tovuti, au kwa mtu aliyejipenyeza kati yenu.

Ukiona DATE_INVALID, kagua saa ya kifaa chako kabla ya kumlaumu yeyote. Cheti cha tovuti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha kuwa tovuti ni ile inayojiita, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari huzipima kwa saa ya kompyuta. Kompyuta ya mezani ambayo kibetri chake cha ndani kimekufa inaweza kurudi miaka mingi nyuma kila ikichomolewa umeme, na hapo karibu kila tovuti itakataliwa. Sahihisha tarehe, kisha badilisha kibetri, la sivyo kesho tutaonana tena. Saa ikiwa sawa na tovuti ni moja tu, cheti chao kimeisha muda. Vyeti vya bure vya shirika la Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, kwa hiyo msimamizi asiyeweka programu ya kuvihuisha huumbuka upesi. Subiri warekebishe.

Ninayoichukulia kwa uzito zaidi ni AUTHORITY_INVALID, ambayo Firefox huiita UNKNOWN_ISSUER: kivinjari hakimtambui aliyetoa cheti. Wakati mwingine hakuna ubaya. Ruta nyingi hujitengenezea cheti, na kwa ruta yangu mwenyewe napita bila wasiwasi. Vifaa vikuukuu navyo vina yake: tarehe 30 Septemba 2021 cheti mzizi DST Root CA X3, ambacho vyeti vya tovuti nyingi vilikitegemea, kiliisha muda, na kompyuta na simu nyingi zisizosasishwa zikaanza kukataa tovuti zilizo salama kabisa.

Lakini onyo hilohilo ndilo utakaloliona mtu akijaribu kuyadaka mawasiliano yako kwenye Wi-Fi ya wazi. Likitokea kwenye tovuti ya benki au barua pepe, usiandike nenosiri. Hamia data ya simu ujaribu tena. Likitoweka, shida iko kwenye ile Wi-Fi. Huenda ni ukurasa wake wa kujisajili tu unaosubiri ukubali masharti. Lisipotoweka, chunguza antivirusi, kwani baadhi hufungua mawasiliano yaliyosimbwa ili kuyakagua.

Tovuti nyingine hazikupi kabisa kitufe cha kuendelea. Zimekwisha kukiagiza kivinjari, kwa utaratibu uitwao HSTS, kisikubali muunganisho wenye dosari. Mbinu za kukilazimisha zipo; sizielezi.

Ukurasa mwekundu ni habari nyingine: tovuti imeorodheshwa kuwa ya ulaghai au ya kusambaza programu hasidi, hata kama cheti chake hakina kasoro. Cheti cha kawaida huthibitisha jina la tovuti, hakithibitishi uaminifu wa mwenyewe. Hapo narudi nilikotoka.

Na onyo lenye kelele, lililojaza kioo na kukutaka upige namba ya simu, halitoki kwa kivinjari. Ni tangazo la matapeli. Shikilia Esc, funga kichupo. Kikigoma, kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, ukizime humo kivinjari chenyewe, na ukikifungua tena ukatae kurejesha kurasa za awali.