Ukianza sipro, udongo wa pemba na mlonge viweke pembeni kwanza

Jamani hii tunakutana nayo sana dirishani kwetu famasi. Mtu kapewa sipro (siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria) ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, vidonge 10, kimoja asubuhi kimoja jioni, siku ya sita anarudi kanuna, "dokta dawa zenu feki", mkojo bado unachoma. Ukimuuliza alikuwa anamezea nini anakwambia mtindi, maana kaambiwa dawa kali zinachubua tumbo, halafu jioni anakoroga unga wa mlonge apate nguvu. Sasa hapo dawa haikuwa feki, nyingi imeishia chooni tu.

Iko hivi, sipro na wenzake doksi (doksisaiklini) na tetrasaiklini, nazo za kuua bakteria, zina tabia ya kushikana na madini, kalsiamu, chuma, magnesiamu, aluminiamu. Zikikutana tumboni zinang'ang'aniana na utumbo unashindwa kuzifyonza, kwa hiyo kwenye damu kinafika kiasi pungufu, bakteria wanayumba tu hawafi na ndio hao baadaye wanakuwa sugu. Maziwa na mtindi vina kalsiamu, hata ile chai ya maziwa ya asubuhi. Majani ya mlonge yana kalsiamu na chuma, sifa ileile inayofanya watu wayapende ndio inayoharibu hapa.

Ila mimi ninayoiogopa zaidi ni pemba. Huu udongo wa vijiti wa sokoni, Kenya wanauita odowa, ni mfinyanzi, una madini yake na wenyewe unanyonya dawa. Wajawazito ndio wanasemwa sana lakini siyo wao peke yao, hata ofisini wapo wanatafuna kama karanga. (Mjamzito doksi kwa kawaida hapewi, ila vile vidonge vya kuongeza damu navyo ni chuma, kwa hiyo vikikutana na sipro ni ugomvi uleule.)

Kama huwezi kabisa kuacha mlonge wako basi cheza na saa. Sipro meza saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kwa maji, halafu mlonge au maziwa viingie kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, yaani masaa mawili baada ya kidonge na masaa sita kabla ya kinachofuata. Pemba mimi sikupangii ratiba, iache. Na msije mkamnyima mtoto maziwa kisa yuko kwenye amoksisilini, hiyo nayo ni dawa ya bakteria lakini haina shida na maziwa.

Wa miraa nao, huko Yemen walishapima miaka ya 1990 wakakuta ukitafuna huku umemeza ampisilini (dawa nyingine ya bakteria), dawa inayoingia mwilini inapungua, wanadhani ni ule ukakasi wake. Subiri masaa mawili baada ya kutafuna ndio umeze.

Halafu ndugu zangu wa Pwani mlio kwenye isoniazidi ya TB, hii haihusu madini, inahusu jodari. Samaki huyu akilala bila barafu anajaza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na hiyo dawa inazuia mwili kuivunja, unakula tu ghafla uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, watu wanaanza kutafuta nani kakuroga. Usiache dawa, wahi hospitali ukaseme umemeza nini na umekula nini.