Theluji nyingi na dunia inayopata joto, vinakaaje pamoja?

Kila Januari simu zetu hapa Unguja hujaa picha za jamaa walio Ulaya na Marekani wakichimbua gari zao kwenye theluji, na barazani swali ni lile lile: joto la dunia liko wapi? Anayeuliza hakukosea. Kinachomchanganya ni maneno mawili yanayofanana.

Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni mwenendo wa mahali kwa miaka mingi, na wataalamu huhesabu wastani wa miaka 30. Mvuvi wa Nungwi akisema kaskazi huvuma Disemba hadi Machi, anazungumzia tabianchi. Akitazama bahari alfajiri akaamua kutotoa ngalawa, hiyo ni hali ya hewa.

Sasa theluji yenyewe. Wengi wetu tunaidhani ni kipimo cha baridi, kumbe ni unyevu ulioganda angani. Baridi peke yake haitoshi. Katikati ya Antaktika ni baridi kupindukia, lakini theluji inayoanguka kwa mwaka ni kidogo hata pakahesabiwa jangwa, kwa sababu hewa ya baridi kali haibebi mvuke. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi.

Hapo ndipo penye jibu. Mahali palipokuwa nyuzi 8 chini ya sifuri pakipanda hadi 6 chini ya sifuri, bado panaganda, na mvuke umeongezeka: theluji inaweza hata kuzidi. Palipokuwa sifuri pakipanda hadi 2, patanyesha mvua. Novemba 2022, karibu na mji wa Buffalo, Marekani, theluji ilifika takriban mita 2 kwa siku chache. Upepo wa baridi ulipita juu ya Ziwa Erie, ambalo bado lilikuwa na joto la kiangazi, ukachota mvuke na kuumwaga nchi kavu.

Februari 2010 Washington ilizikwa na theluji. Mwezi huo huo, Vancouver, Kanada, waandaaji wa Olimpiki ya michezo ya theluji na barafu walibeba theluji kwa malori na helikopta kwa kuwa mlima wa mashindano ulikuwa hauna ya kutosha. Na kwa dunia nzima, mwaka ule ulikuwa miongoni mwa yenye joto kubwa kuliko yote iliyokuwa imepimwa hadi wakati huo.

Sisi hatuna theluji ya kutubabaisha. Asubuhi moja ya kipupwe ukajifunika shuka mbili haifuti wanayoyaona kina mama wa mwani wa Paje: mwaka baada ya mwaka, maji ya pwani yanachemka, na ule mwani wenye bei nzuri unakufa. Baadhi yao wameanza kuupeleka kwenye maji ya kina, na wengi hawajui kuogelea.