Geji si Skeli

Kila mwaka, ninapopeleka ubao wangu wa reli ndogo kwenye maonesho ya Nane Nane hapa Ipuli, Tabora, kuna swali linalonifikia kabla sijamaliza hata kufuta vumbi kwenye njia. Mtu huinama mezani, hulitazama behewa lenye urefu wa shibiri moja, kisha huuliza, "Mzee, hii ni geji ngapi?" Namjibu kuwa ni milimita 12, naye hukunja uso, kwa kuwa kitu anachokiona mbele yake si cha milimita 12 hata kidogo. Alitaka kujua kitu cha kweli kimepunguzwa mara ngapi hadi kikaenea mezani, na jina la jambo hilo si geji. Ni skeli, au kwa Kiswahili cha darasani, uwiano. Maneno haya mawili nimeyasikia yakikalia kiti kimoja kwa muda mrefu, na kwenye maonesho yaliyopita yaliniharibia asubuhi nzima, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Skeli ni uwiano kati ya mfano na kitu chenyewe. Ukiambiwa 1:87, maana yake ni kwamba mtu mwenye urefu wa sentimita 174 anasimama kwenye jukwaa la stesheni yako akiwa na milimita 20 kamili. Geji ni nafasi kati ya reli mbili, ikipimwa kwa ndani, kutoka ubavu wa kichwa cha reli moja hadi ubavu wa kichwa cha reli ya pili. Skeli hutawala kila kilichomo ubaoni, yaani nyumba, miembe, mbuzi, baiskeli na mchuuzi wa karanga. Geji haina habari na mbuzi. Hayo yanatosha kwa maana. Kinachonisumbua ni namna yanavyochanganywa.

Simlaumu sana anayeuliza, kwa sababu neno geji limetufikia kwa milango mingi. Mwenye kujenga nyumba amelijua dukani, anapochagua bati la geji 28 au la geji 30, na huko amejifunza jambo la ajabu kidogo, kwamba namba inapopanda bati huwa jembamba zaidi. Dereva amelijua kwa fundi, kwenye geji ya upepo na geji ya mafuta. Waingereza waliotupatia neno hilo walilitoa kwenye Kifaransa cha kale cha kaskazini, ambako lilikuwa jina la fimbo ya kupimia ujazo wa pipa. Kwa hiyo tangu asili yake ni neno la kipimo cha kitu kimoja mahususi, na unene wa bati, upepo wa tairi na nafasi ya reli ni watoto wake halali. Skeli imetoka mbali na hapo. Chimbuko lake ni neno la Kilatini lenye maana ya ngazi, na aliyewahi kuuona mstari uliogawanywa vipande chini ya ramani ya 1:50,000 anaweza kuona ngazi hiyo imelazwa chali. Fimbo ya pipa na ngazi: sioni kwa nini tuvifanye kitu kimoja.

Sasa niseme kilichotokea. Rafiki yangu wa Kigoma naye hujenga, na tulipanga kwa simu kwamba safari hii tuunganishe mbao zetu, wangu ukiwa na stesheni ya Tabora na miembe yake, wake ukiwa na stesheni ya Kigoma na ziwa alilolichora kwa rangi ya mafuta. Tulikubaliana kimo cha meza, nikamtumia kipande cha mbao chenye matundu ili boliti zilingane, na kuhusu reli tuliambizana neno moja tu, "HO", jina linalotumika kwa reli ndogo za 1:87. Akapanda treni ya usiku na ubao wake umefungwa ndani ya blanketi. Asubuhi, pale Ipuli, boliti ziliingia kama mkono kwenye mfuko wake. Tukainama kutazama reli zinapokutana. Zangu zilikuwa na nafasi ya milimita 12, zake milimita 16.5. Ukilinganisha reli ya kushoto na ya kushoto, ile ya kulia ilikosana na mwenzake kwa milimita nne na nusu, na kichwa cha treni kilichojaribu kuvuka kililala ubavu papo hapo.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana kwa macho. Tulikuwa tumekubaliana skeli, tukadhani tumekubaliana geji. Abiria wake walipanda mabehewa yangu bila kuinama, milango ya stesheni zetu ilikuwa na kimo kinacholingana, hata mbuzi wake na wangu ungedhani wametoka zizi moja. Kila kitu kililingana isipokuwa ile nafasi kati ya reli mbili. Milimita 16.5 ukizizidisha mara 87 unapata takriban milimita 1,435, ambayo ndiyo geji ya SGR (Standard Gauge Railway, reli ya geji ya kiwango). Mimi nilikuwa nimejenga Reli ya Kati ya Wajerumani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ambayo geji yake ni meta moja. Rafiki yangu alikuwa amenunua njia iliyokwisha kutengenezwa, yenye maandishi ya HO kwenye boksi, na bila kujua akaifikisha SGR ziwani wakati ile ya kweli bado inajengwa.

Kosa lilianzia kwenye jina. Wengi hulisoma HO kana kwamba ni herufi mbili, lakini ile ya pili ni sifuri. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani, mwaka 1891, ilianza kuuza treni za kuchezea kwa geji zenye namba, 1 ikiwa ndogo kuliko 2, na 2 ndogo kuliko 3. Ilipohitajika ndogo zaidi ya 1, namba zilikuwa zimekwisha, ikaitwa sifuri. Baadaye ikaja nusu ya sifuri, na H hiyo ni ya nusu, halb kwa Kijerumani. Maana yake ni kwamba majina haya yalizaliwa yakiwa ya geji, kisha kidogo kidogo yakahamia kwenye skeli, na leo HO ukiitaja peke yake imebeba vyote viwili: uwiano wa 1:87 na njia ya milimita 16.5. Anayejenga reli ya meta moja kwa uwiano huohuo huongeza herufi m ndogo, HOm, na njia yake ni milimita 12. Herufi moja ndogo ambayo kwenye simu haisikiki. N ina unyofu zaidi, kwa kuwa imetokana tu na neno tisa kwa lugha za Ulaya, yaani milimita tisa. Hilo ni jina la geji waziwazi, na ndiyo sababu Wajerumani wanaitumia kwa 1:160 na Waingereza kwa 1:148 bila kugombana.

Waingereza, kwa kweli, wamekwenda mbali zaidi katika kuvitenganisha viwili hivi. Treni zao za kweli ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, na zamani ilikuwa taabu kuingiza mota ndani ya kichwa cha 1:87. Wakakuza kichwa hadi 1:76.2, lakini njia wakaiacha ileile ya milimita 16.5. Hiyo ndiyo OO. Piga hesabu utaona kwamba reli zao mezani zinawakilisha njia ya milimita 1,257, ambayo haipo popote nchini mwao, na bado ndiyo skeli wanayoipenda kuliko zote. Mfano mwingine ninaoupenda ni njia ya milimita 45. Ukiiwekea treni ya 1:32, ni njia ya kawaida ya 1,435. Ukiondoa treni hiyo na kuweka ya 1:22.5 juu ya reli zilezile, bila kugusa hata taruma moja, umepata reli ya meta moja. Geji haikubadilika, skeli imebadilika, na kitu kinachowakilishwa kimekuwa kingine kabisa.

Na kwa kuwa nimeanza kusahihisha watu, nijisahihishe na mimi. Milimita 12 mara 87 ni 1,044, si 1,000. Reli yangu ya "Tabora" kwa hesabu iko karibu zaidi na TAZARA, yenye geji ya milimita 1,067, kuliko na Reli ya Kati. Rafiki yangu aliigundua hesabu hiyo kabla ya chakula cha mchana na hajaacha kunikumbusha.

Mkanganyiko huu mezani ni mdogo ukilinganishwa na ule wa mtaani kuhusu SGR. Herufi ya katikati ni geji, basi. Haisemi umeme, haisemi kasi, haisemi upya. Reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 ni ya geji hiyohiyo ya 1,435, na vichwa vyake vinakwenda kwa dizeli. Wala "ya kiwango" si sawa na "pana", maana India wana 1,676 na Urusi 1,520. Kinyume chake pia ni kosa, kudhani kwamba geji ya meta moja ni ya treni ndogo. Vichwa vya mvuke vya daraja la 59 vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, vilivyopewa majina ya milima, vilikuwa na uzito wa takriban tani 250 na vilitembea juu ya meta moja. Kimoja, Mount Gelai, kimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Asimame mtu kando yake kisha aniambie geji ni ukubwa.

Geji hujibu swali jingine kabisa: je, gari hili litapita kwenye njia ile? Mwaka 1963 njia ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kati ya Mnyusi na Ruvu, na mabehewa yakavuka, kwa sababu zote zilikuwa meta moja. Reli ya Kati na TAZARA zimekutana Kidatu, ambako tangu 1998 mzigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa, kwa sababu ya milimita 67. Nasi Ipuli tulifanya hivyohivyo. Tuliachanisha mbao kwa upana wa vidole vitatu, tukaweka jukwaa la kadibodi katikati, na kijana wa jirani akashinda siku nzima akihamisha magunia ya mchele, punje moja moja, kwa kibano cha nyusi. Watu walijaa hapo kuliko kwenye miembe yangu niliyoihangaikia miezi minne.

Kwa hiyo nikiwa mezani tena Agosti ijayo, anayetaka kujua treni yangu imepunguzwa kiasi gani aniulize uwiano, nami nitamwambia 1:87. Akiuliza geji nitamwambia 12, na safari hii nitamsogezea rula apime mwenyewe, kwa ndani. Rafiki yangu wa Kigoma ameng'oa njia yake yote na anailaza upya. Kwenye boksi la ubao wake ameandika kwa kalamu nene "1:87, mm 12", na neno HO amelikata kwa mstari mmoja.