Malkia Victoria hakumpa Davidson kiti cha Canterbury

Kila Randall Davidson anapotajwa, hakosi mtu wa kusema kwamba Malkia Victoria wa Uingereza ndiye aliyemfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani kiongozi wa Kanisa la Anglikana. Jamani, tazameni tarehe! Malkia alifariki Januari 1901. Davidson alishika Canterbury mwaka 1903, enzi ya Mfalme Edward VII, kwa jina lililopelekwa na waziri mkuu Balfour.

Upendeleo ulikuwepo, sibishi. Davidson alikuwa kapelani wa Tait, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, tena mume wa binti yake. Tait alipofariki mwaka 1882, Malkia alimtaka ushauri kijana huyo juu ya mrithi, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 35, akawa mkuu wa kanisa la St George's, lililo ndani ya ngome ya kifalme ya Windsor. Kanisa hilo haliko chini ya askofu yeyote. Linawajibika kwa mwenye taji moja kwa moja. Aliyekaa pale alisikilizwa.

Lakini kusikilizwa hakutoi dayosisi. Waziri mkuu hupeleka jina, mwenye taji huridhia, kisha makanoni, yaani makasisi wa baraza la kanisa kuu, huandikiwa wachague, na jina la kuchaguliwa limo ndani ya barua. Hufuata uthibitisho, kuwekwa wakfu na kiapo cha utii. Malkia angeweza kukataa jina au kusisitiza lake, ila kumshinda waziri aliyekaza ilikuwa kazi. Mwaka 1890 alitaka Davidson awe askofu wa Winchester. Lord Salisbury, waziri mkuu, akampeleka huko Thorold, askofu wa Rochester, na Davidson akapata Rochester iliyoachwa wazi. Winchester aliipata mwaka 1895, Thorold alipokwisha kufariki. Mwaka 1896 Malkia alimtaka Davidson kwa kiti cha Canterbury. Salisbury akampa kiti hicho Frederick Temple, mzee aliyekaribia miaka 75.

Wala Davidson hakuwa mtu wa kuitikia kila neno la Malkia. Mwaka 1884 Malkia alitaka kuchapisha kumbukumbu za mtumishi wake John Brown. Davidson alimpinga waziwazi, Malkia akakasirika, kitabu hakikutoka, na baadaye akamwamini zaidi.

Kinachonitatiza ni kupima fungu la Tait na fungu la Malkia katika kupanda kwa Davidson. Vitabu hugawa kwa urahisi mno. Bila nyumba ya Tait, Malkia asingemjua.

Mwaka 1913, baada ya mkutano wa wamisionari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti huko Kikuyu, Kenya, Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Davidson hakukubali kesi ya uzushi. Alilipeleka suala kwa chombo cha ushauri cha maaskofu, na jibu la 1915 halikumtia yeyote hatiani. Hapo hapakuwa na Malkia wa kumbeba.