Kabla ya Kwenda kwa Mkuu wa Wilaya, Pitia kwa Afisa Elimu Kata

Mwezi huu wa nane ofisi yetu ya elimu ya watu wazima imefurika kuliko kawaida. Juma la Elimu ya Watu Wazima limekaribia, kilele chake ni Septemba 8, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, na gari la matangazo limezunguka vijijini likisema nafasi zipo, njooni mjiandikishe. Wananchi wameitika, na tunashukuru. Shida ni kwamba wengi wanafunga safari ya kilomita 40 kuja makao makuu ya halmashauri kwa jambo ambalo lingeisha kwa Afisa Elimu Kata wao, umbali wa kutembea kwa miguu. Wengine wanaturuka sote na kwenda kwa Mkuu wa Wilaya na bahasha ya malalamiko dhidi ya mwalimu mkuu ambaye hawajawahi hata kumsalimia.

Afisa Elimu Kata ndiye yule mliyezoea kumwita Mratibu. Cheo kimebadilika, kazi ni ileile, na nyingi za pikipiki zile walizogawiwa mwaka 2018 bado zinatembea. Wengi wanamjua kama mkaguzi wa walimu. Ukweli ni kwamba anahusika na kila mtu wa kata yake anayetaka kujifunza: mtoto wa awali, kijana aliyeacha shule, bibi asiyejua kusoma, na kikundi cha akina mama wanaotaka mafunzo ya ufugaji wa kuku. Fomu za mambo yote hayo zinaanzia kwake, na zisipoanzia kwake zinarudishwa kwake.

Nianze na watoto, kwa kifupi, maana hili linaeleweka. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyetimiza miaka 7 na ahakikishe anahudhuria. Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza huanza Oktoba. Usisubiri Januari.

Lisiloeleweka ni michango. Kila wiki naambiwa, "Serikali imesema elimu ni bure, mbona tunaombwa mahindi?" Tangu Januari 2016 ada imeondolewa na serikali inapeleka ruzuku shuleni. Kwa shule ya msingi ruzuku hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 ni kwa ajili ya vitabu na hazipiti kwenye akaunti ya shule. Zinazofika ni 6,000, yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 600 inapata 300,000 kwa mwezi, na hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, daftari za mahudhurio na michezo. Mishahara na ujenzi vina mafungu yake. Uji haumo. Mzazi anayeamini kwamba mwalimu mkuu anakula hela ya uji apige hesabu hiyo mwenyewe jioni akiwa ametulia.

Chakula cha shuleni kinaamuliwa na wazazi wenyewe kupitia kamati ya shule. Utaratibu ni huu, na naomba usomwe taratibu kwa sababu ndipo migogoro mingi inapozaliwa. Kamati inaitisha mkutano wa wazazi kupitia serikali ya kijiji. Wazazi wanakubaliana kiasi, iwe fedha au mazao. Muhtasari unaandikwa, mahudhurio yanaambatishwa yakiwa na sahihi, unapita kwa Afisa Elimu Kata na Mtendaji wa Kata, unakuja halmashauri. Hakuna kukusanya hata debe moja kabla kibali hakijatoka. Kikishatoka, fedha hazishikwi na mwalimu. Zinakusanywa na watu waliochaguliwa na wazazi na risiti inatolewa. Na mtoto hafukuzwi darasani wala hanyimwi mtihani kwa sababu mzazi wake hajachangia. Mwalimu akifanya hivyo, njoo na tarehe na jina la darasa, tutashughulika naye. Ila usije kulalamikia makubaliano ya mkutano ambao uliitwa mara mbili na hukwenda.

Sasa waliotoka shuleni kabla ya kumaliza. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango kwa wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito. Binti akishajifungua anaweza kurudi katika shule ya mfumo rasmi, ndani ya miaka miwili tangu alipoacha. Kama hataki kurudi pale alipokuwa, anaweza kuombewa shule nyingine. Mzazi aandike barua, ataje shule, darasa na mwezi alioacha, na tutamuuliza nani atabaki na mtoto mchanga saa za masomo. Swali hilo halina nia ya kumdhalilisha mtu. Binti asiye na jibu lake huacha tena baada ya wiki tatu.

Nimeona akina baba wanaoamini kwamba waraka huu umefuta kesi. Haukufuta. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kifungu cha 60A, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Anayesaidia au kushawishi anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Maneno "kusaidia au kushawishi" yanaweza kumgusa mjomba aliyepokea mahari na jirani aliyepatanisha pande mbili usiku. Mwalimu mkuu naye anatakiwa na sheria kutunza kumbukumbu na kutoa taarifa za matukio haya, kwa hiyo kumwomba "anyamaze kidogo yaishe kifamilia" ni kumwomba aweke kazi yake rehani.

Miaka miwili ikipita, au umri ukiwa umekwenda, njia bado zipo. MEMKWA ni kwa watoto walioikosa shule ya msingi: wadogo wa hadi miaka 13 huandaliwa kuingia kwenye madarasa ya kawaida, na wa miaka 14 hadi 18 huandaliwa kumaliza elimu ya msingi kwa muda mfupi zaidi. Vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hufundisha masomo ya sekondari kwa walio nje ya mfumo rasmi. Taasisi hii si kampuni ya masomo ya ziada kama anavyodhani bwana mmoja aliyenipigia simu. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975.

Wanaotaka cheti cha kidato cha nne wakiwa watahiniwa wa kujitegemea wasome hapa mara mbili. Kama uliishia darasa la saba, au ulianguka kidato cha pili, unaanza na Mtihani wa Maarifa, ule mnaouita QT. Ukifaulu ndipo unajisajili kwa mtihani wa kidato cha nne. Huwezi kufanya yote mawili mwaka mmoja, hata kama kuna mtu mjini amekuambia inawezekana na amechukua hela yako. Usajili hufunguliwa Januari 1 na hufungwa Februari 28 kwa ada ya kawaida, ambayo miaka ya karibuni imekuwa 30,000 kwa QT na 50,000 kwa kidato cha nne. Machi ni mwezi wa faini: 40,000 na 65,000. Unakwenda kwenye kituo cha mtihani, unapewa namba rejea, unapata namba ya malipo, unalipa, unajaza taarifa zako kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, unahakikisha majina yanafanana na ya cheti chako cha mwanzo. Narudia hili la majina. Zainabu wa darasa la saba asijisajili kuwa Zay.

Mwaka huu mama mmoja alifika ofisini Aprili 2, amevaa vizuri, fedha taslimu mkononi, na daftari la hisabati alilojaza mwenyewe kwa miezi saba. Dirisha lilikuwa limefungwa siku mbili kabla. Sikuwa na la kumsaidia, na sikulala vizuri siku ile.

Kisomo ndicho kinachodharauliwa kuliko yote. Bado kuna watu wazima, tena wenye vyeo, wanaosema "darasa la ngumbaru" wakicheka. Neno hilo tuliache. Mwalimu Nyerere alisema mwaka 1964, akiwasilisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano, kwamba lazima tuanze na watu wazima, kwa sababu mchango wa watoto katika uchumi utasubiri miaka mitano, kumi, hata ishirini. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, redio katikati, kiongozi na kitabu, wakasikiliza habari za malaria na kuhara, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Shule ya kijiji ilikuwa ya kijiji kizima, na mwalimu aliyefundisha watoto asubuhi ndiye aliyefundisha wazazi wao jioni. Ninapowaambia walimu wakuu wa leo wafungue chumba kimoja baada ya saa tisa, baadhi huniuliza ni waraka gani unaosema hivyo. Nao nawaandikia hapa.

Katika darasa letu moja, mwanafunzi mmoja mkulima wa korosho alikuja na kopo la mafuta lenye stakabadhi za chama cha msingi za misimu mitatu. Tarakimu alikuwa ameshazishika. Akazipanga mezani, akaanza kuzisoma kwa kidole, kilo kwa kilo. Zote zilikuwa sawa isipokuwa moja iliyosema 87 wakati yeye alikuwa na hakika kwamba aliuza 78. Darasa zima likanyamaza, tukitegemea chama kimekosea. Chama hakikukosea. Mumewe ndiye aliyekuwa amemsomea 78.

Kwa kata zenye madarasa ya kisomo, vipindi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishika kasi, kila darasa lipange na mwezeshaji saa linazoziweza. Usiku unaruhusiwa mahali penye umeme au taa ya sola. Anayetaka kujiandikisha aje na jina lake tu. Kadi ya kura, cheti cha kuzaliwa na picha ndogo havihitajiki, na atakayeombwa fedha ya fomu amwambie Afisa Elimu Kata siku hiyohiyo.