Waluba, Walunda, Wabemba: mifano mitatu au mmoja?

Mwanafunzi anayetuletea mradi wa kulinganisha tamaduni za jamii za ukanda huu, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mara nyingi huja na jedwali tayari. Safu ya Waluba, ya Walunda, ya Wabemba. Kisha alama: mfalme mwenye nguvu za kimizimu, yupo, yupo, yupo. Mwishoni anaandika kwamba desturi imethibitishwa mara tatu. Hapo mimi humwomba aweke kalamu chini.

Walunda wenyewe husimulia kwamba Chibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Kiluba, alifika kwa malkia Ruwej, akamwoa, na enzi ikabadilika sura. Wabemba nao husema wazee wao walitoka upande wa Waluba. Masimulizi ya asili hayathibitishi kila kitu, lakini yanatutahadharisha: huenda tumehesabu mara tatu jambo lililoanza mara moja.

Edward Tylor, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikutana na swali hilo kabla yetu. Katika makala yake ya mwaka 1889 alilinganisha desturi za ndoa na ukoo za jamii takriban 350. Mwanasayansi mwenzake, Francis Galton, akamuuliza: ni ngapi kati ya hizo zimerithi desturi kwa babu mmoja, au zimeiga kwa jirani? Watafiti bado huliita tatizo la Galton. Mwaka 1969 wanaanthropolojia George Murdock na Douglas White waliteua jamii 186 za dunia, moja kutoka kila eneo la utamaduni, ili jamii zenye asili moja zisihesabiwe mara mbili. Tatizo lilipungua, halikuisha.

Kwangu mimi, utamu wa kazi uko penye tofauti. Waluba wa Katanga hufuata ukoo wa baba, Wabemba ukoo wa mama. Kama kweli wana asili moja, nini kiliwatenganisha hapo? Swali hilo lina uzito kuliko zile alama tatu zinazofanana.

Halafu kuna maneno. Ukiuliza katika mitaa ya Katuba au Kenya hapa Lubumbashi “baba anaamua nini juu ya mtoto?”, mmoja atamfikiria mzazi, mwingine mzazi pamoja na ndugu zake wote wa kiume. Nyumba ya Kibemba itakutajia mjomba. Ndiyo maana dodoso letu likitoka Kifaransa kuja Kiswahili, tunampa mtu mwingine, ambaye hajaona lile la kwanza la Kifaransa, alirudishe Kifaransa. Yasipolingana, tunaliandika swali upya pamoja na watu wa mtaa.